Mkopo Haulipi Kazi ya Haki: Barua ya Wazi kwa Waziri

Mtoni, Temeke
Dar es Salaam

Mheshimiwa Waziri wa Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum,

YAH: FEDHA ZA KUENDESHEA MASHIRIKA NA VIKUNDI VYA WANAWAKE

Vikundi vya wanawake vya Mtoni na kata jirani za Temeke hupata fedha kwa njia tatu: michango ya wanachama, mikopo ya halmashauri na ruzuku za wafadhili. Michango ndiyo kongwe kuliko zote. Mwaka 1955, Bibi Titi Mohamed alipokabidhiwa uongozi wa kitengo cha wanawake cha TANU, alivifuata vikundi vya ngoma vya wanawake wa Dar es Salaam, ambavyo tayari vilikuwa na viongozi wao na desturi yao ya kuchangiana. Kupitia vikundi hivyo chama kilipata maelfu ya wanachama na fedha za kuendeshea harakati. Desturi hiyo ingali hai katika upatu, vikoba na vyama vya kuzikana. Sanduku la kikoba hufungwa kwa kufuli tatu, kila ufunguo ukikaa kwa mtu wake, na hisa huhesabiwa mbele ya wote. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imevitambua vikundi hivi na kuviweka katika daraja la nne la watoa huduma. Shaka kwamba wanawake wa uswahilini hawawezi kutunza fedha ya umma haina msingi. Wamekuwa wakitunza fedha za wenzao kwa miaka mingi, bila mshahara.

Hata hivyo, fedha ya kikoba ina mpaka. Inamtosha mama lishe kununua mchele na mkaa, inalipa ada ya mtoto, inamwokoa mtu asiingie kwenye mikopo ya kausha damu. Kazi ya kutafuta haki inataka fedha ya aina nyingine. Mjane anayenyang'anywa nyumba na ndugu wa marehemu hupeleka shauri lake la mirathi katika Kituo Jumuishi cha Masuala ya Familia, ambacho Mahakama ilikianzisha hapa hapa Temeke mwaka 2021 ili mashauri ya aina hiyo yasikilizwe chini ya paa moja. Kituo kiko karibu, lakini mjane huyo bado anahitaji mtu wa kumsomea nyaraka, kumwandikia maombi na kwenda naye kila shauri linapoahirishwa. Mtu huyo ni msaidizi wa kisheria, anayetambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Aghalabu anajitolea. Nauli yake, vocha yake na kodi ya chumba anachopokelea watu lazima vitoke mahali fulani.

Havitoki halmashauri. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kilichoongezwa mwaka 2018, kinaitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni sheria njema, na nchi chache zimethubutu kuandika jambo kama hilo. Aprili 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa kutokana na kasoro zilizoibuliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, vikiwemo vikundi hewa, kisha mwaka 2024 ikarejeshwa kwa utaratibu mpya. Mjadala wote ulihusu namna ya kuirejesha fedha iliyokopeshwa. Halikuulizwa swali la kikundi kisichouza kitu. Wanawake wanaompokea binti aliyebakwa na kumfikisha Dawati la Jinsia na Watoto hawapati faida ya kulipia marejesho. Kwa hiyo, katika fungu lote linaloitwa la wanawake, kazi ya kutetea wanawake haina hata shilingi moja. Hilo ndilo pengo ambalo barua hii inaliweka mbele ya Wizara.

Wafadhili wa nje hawalizibi vya kutosha. Mwaka 2021 mtandao wa AWID ulieleza kuwa asilimia 99 ya misaada ya maendeleo na ya ruzuku za taasisi za hisani duniani haiyafikii moja kwa moja mashirika ya haki za wanawake. Inayofika nayo mara nyingi huja kama mradi wa mwaka mmoja au miwili, ambao hulipia semina na mabango lakini si kodi ya ofisi wala mhasibu. Andiko la mradi hudaiwa kwa Kiingereza, na kikundi cha mtaani hulazimika kumtafuta mtu wa kukiandikia. Mfadhili akiondoka, kila kitu husimama. Kufungwa kwa USAID Julai 2025 kumeonyesha jinsi uamuzi wa mji mmoja wa mbali unavyoweza kukata huduma katika nchi nyingi kwa mpigo.

Mafanikio makubwa ya wanawake nchini hayakuja kwa mwendo wa miradi mifupi. Chama cha wanahabari wanawake, TAMWA, kilianzishwa mwaka 1987. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, ambayo wanahabari hao waliipigania pamoja na wanasheria wa TAWLA na wanaharakati wengine, ilipitishwa mwaka 1998. Mwaka uliofuata zikaja sheria za ardhi zilizompa mwanamke haki sawa ya kumiliki. Kesi ya Rebeca Gyumi kuhusu umri wa msichana kuolewa iliamuliwa na Mahakama Kuu mwaka 2016, Serikali ikakata rufaa, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha ushindi wake mwaka 2019. Kazi ya namna hii huishi kwa fedha isiyofungwa kwenye shughuli moja, inayodumu miaka kadhaa. Mfuko wa Wanawake Tanzania, ulioanzishwa mwaka 2008, uliundwa kwa fikra hiyo ya kuvipa vikundi ruzuku badala ya deni, kama ulivyofanya mfuko wa wanawake wa Afrika, AWDF, ulioanza Ghana mwaka 2000. Lakini mfuko mmoja hauwezi kuifikia kila kata.

Hisani ya ndani ipo, ila haijaelekezwa huku. Temeke ina viwanda vya Chang'ombe na maghala ya Kurasini. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inamruhusu mfanyabiashara kuondoa kwenye hesabu ya kodi michango yake kwa taasisi ya hisani, hadi asilimia 2 ya mapato yake. Sharti ni kwamba taasisi iwe imetambuliwa na TRA kuwa ya hisani, hatua ambayo kikundi kidogo hakiijui wala hakina mtu wa kuifuatilia. Wizara, ambayo Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali yuko chini yake, inaweza kukubaliana na TRA ili shirika lililosajiliwa ngazi ya wilaya na kuwasilisha taarifa zake kwa wakati litambuliwe kwa njia nyepesi. Inaweza pia kuwataka wafadhili wakubwa wapokee maandiko na taarifa kwa Kiswahili, na wakubali kulipia gharama za uendeshaji.

Usajili wenyewe usigeuzwe fimbo. Baraza la Wanawake Tanzania, BAWATA, lilifutiwa usajili mwaka 1997 likashinda Mahakama Kuu mwaka 2009, na katika miaka hiyo 12 wanachama wake walikwisha kutawanyika.

Kuhusu asilimia 4 ya wanawake, linaloombwa ni sehemu ndogo yake itolewe kama ruzuku kwa vikundi vinavyotoa msaada wa kisheria na hifadhi kwa waliofanyiwa ukatili, majina ya vikundi hivyo na kiasi vilichopewa vikibandikwa kwenye ofisi za kata. Kwa kuwa kifungu cha 37A kinataja mikopo pekee, hilo litahitaji muswada wa marekebisho bungeni. Na kwa kuwa kanuni zake ziko chini ya TAMISEMI, mazungumzo ya kwanza ni kati ya wizara hizo mbili.