Sola ikizimika, aghalabu iliyokufa ni betri

Wasikilizaji wetu wengi walinunua sola ya nyumbani kwa mkopo, wakilipa kidogo kidogo kwa simu. Nchini Kenya biashara hiyo ilishika kasi kuanzia mwaka 2012, M-KOPA ilipoingia sokoni. Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha mradi wa KOSAP kwa kaunti 14 zilizo mbali na nyaya za umeme, zikiwemo Kwale, Kilifi, Tana River, Garissa na Turkana. Tangu hapo tumesikia mara nyingi ni nyumba ngapi zimepata mwanga. Ni ngapi zimerudi kwenye giza, hilo halitangazwi sana.

Tatizo liko kwenye hesabu ya miaka. Paneli nzuri hufanya kazi miaka 20 na zaidi. Betri ya asidi, hata ikitunzwa, mara nyingi huchoka kati ya miaka miwili na mitano. Betri ya lithiamu hudumu zaidi, lakini nayo ina mwisho. Waranti kwa kawaida ni ya mwaka mmoja au miwili, na mkopo nao huisha karibu na wakati huohuo. Kwa hiyo betri huanza kulegea wakati muuzaji hadaiwi tena chochote na mteja. Gharama iliyobaki ni ya mwenye nyumba, na hakuna aliyemwambia mapema aweke akiba.

Bei ya betri mpya pia haitegemei duka peke yake. Sheria ya Fedha ya mwaka 2020 iliondoa msamaha wa kodi ya VAT kwa vifaa vya sola, na ya mwaka 2021 ikaurudisha. Ndiyo maana bajeti ikisomwa Nairobi, mtu wa Hola naye ana sababu ya kusikiliza.

Kinachoua betri mapema kuliko vyote, kwa maoni yetu, ni kuikamua hadi tone la mwisho. Kile kisanduku cha kudhibiti chaji, ambacho mafundi hukiita kontrola, kimewekwa ili kikate umeme betri ikishuka sana. Taa nyekundu ikiwaka, watu hukasirika, wanachomoa waya na kuunganisha taa au televisheni moja kwa moja kwenye betri. Usiku huo mpira unatazamwa mpaka mwisho. Lakini kila mara jambo hilo linaporudiwa, betri inapoteza sehemu ya nguvu zake ambayo hairudi.

Mwenye mita ya kupima volti, hata ile ya bei rahisi, anaweza kujua hali ya betri yake. Pima asubuhi kabla jua halijapanda, vifaa vyote vikiwa vimezimwa. Betri ya asidi ya volti 12 iliyojaa huonyesha takriban 12.7. Ikionyesha 12.2 imebaki nusu, na hapo ndipo pa kuacha. Ikizoea kulala chini ya 12, usitarajie ikufikishe mbali. Kama betri ina vifuniko vya kufungua, angalia maji kila mwezi na uongeze maji ya betri ya dukani. Maji ya kisima yana chumvi, na asidi haiongezwi. Iliyozibwa isifunguliwe.

Paneli haina mengi: ifute vumbi kwa kitambaa na maji asubuhi ikiwa bado baridi, na ukate tawi linaloitia kivuli. Kivuli kidogo kwenye kona moja hupunguza umeme kuliko mtu anavyodhani.

Na fundi akikwambia paneli imekufa, mwombe aipime mbele yako. Ichomoeni, muiweke kwenye jua la mchana, mpime volti, kisha mlinganishe na nambari iliyo kwenye karatasi ya nyuma. Paneli ya mfumo wa volti 12 huonyesha kati ya 18 na 22. Ikikaribia hapo, usikubali kuiuza kwa bei ya chuma chakavu kabla betri na waya havijapimwa.

Kwa mifumo ya mkopo kuna jambo moja zaidi: baadhi ya visanduku havikubali betri ya nje. Uliza hilo kabla ya kulipa malipo ya kwanza. Ukimaliza deni, tunza ujumbe wa simu unaothibitisha kwamba mtambo ni wako.

Betri ya asidi iliyokufa nayo ina hatari zake, kwa kuwa ndani yake mna risasi. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwadhuru wakazi, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa iliutengua uamuzi huo, kisha Mahakama ya Juu ikaurejesha Desemba 2024. Hiyo yako usiivunje nyumbani, usimwage asidi shambani, wala usiiache watoto wanapochezea. Ipeleke ikiwa nzima kwenye duka unaponunua mpya, na uulize watakupunguzia bei kiasi gani, maana risasi hiyo ina soko.