Filamu imemwacha nani nje?

Septemba 2021, katika tamasha la kimataifa la filamu la Toronto, Kanada, ilioneshwa kwa mara ya kwanza Vuta N'kuvute ya mwongozaji Amil Shivji. Wahusika wake wanasema Kiswahili cha Unguja, na hadithi yao imetoka katika riwaya ya Adam Shafi iliyochapishwa mwaka 1999. Mwaka uliofuata Tanzania iliiteua iwanie Oscar ya filamu za kimataifa. Kabla ya hapo nchi ilikuwa imewahi kupeleka filamu moja tu huko, Maangamizi, mwaka 2001.

Kwa Watanzania wengi riwaya hii ni kitabu cha kidato cha tano na cha sita. Waliisoma na penseli mkononi, wakipigia mistari dhamira na kukariri majina ya wahusika kwa ajili ya mtihani. Msomaji wa namna hiyo akikaa mbele ya skrini huwa anakagua: hili limo, lile halimo, hapa wamebadilisha. Filamu ikimalizika anatoa hukumu iliyozoeleka duniani kote, kwamba kitabu ni kizuri zaidi.

Hukumu hiyo haitufikishi mbali, hata inapokuwa ya kweli. Filamu ya Shivji inachukua kama saa moja na nusu, na riwaya ina kurasa zaidi ya 200. Lazima vitu vikatwe. Swali lenye uzito ni hili: katika kukata huko, nani ametolewa nje ya hadithi, na nafasi yake amepewa nani?

Kenya inao mfano unaouma. Karen Blixen, Mdenmaki aliyeishi huko tangu 1914 hadi 1931 akilima kahawa chini ya vilima vya Ngong, alitoa kitabu chake Out of Africa mwaka 1937. Filamu ya jina hilohilo, iliyoongozwa na Sydney Pollack, ikatoka mwaka 1985 na kuzoa Oscar saba, ikiwamo ya filamu bora. Leo jina hilo likitajwa, wengi wanamkumbuka Meryl Streep na Robert Redford, ndege ndogo ikiruka juu ya mbuga, na mapenzi yao. Anayefungua kitabu kuyatafuta mapenzi hayo atapigwa na butwaa. Denys Finch Hatton, mpenzi wake wa kwenye filamu, yumo kama rafiki anayekuja na kuondoka, na mume wa Blixen hatajwi sana. Mapenzi yalichotwa kwingine, hasa katika vitabu vya wasifu vya Judith Thurman na Errol Trzebinski.

Waliojaa kitabuni ni watu wa shambani. Yumo Kamante, mtoto wa Kikuyu aliyekuwa na vidonda miguuni, ambaye baadaye alikuja kuwa mpishi hodari. Yumo Farah Aden, Msomali aliyesimamia nyumba. Sehemu nzima ya kitabu inahusu ajali ya bunduki iliyomuua mtoto mmoja na kumjeruhi vibaya mwingine, na namna wazee wa Kikuyu walivyokutana tena na tena kupima fidia: mifugo mingapi, kwa nani, kwa kosa lipi. Chifu Kinanjui mwenyewe aliitwa shambani kwa ajili ya shauri hilo. Hizo ni kurasa ambazo mwandishi wa filamu makini angezililia, maana zina ugomvi, hesabu, hila na msiba.

Kitabu chenyewe kina dhambi zake. Blixen aliwatazama Waafrika akiwa barazani kwa mwenye shamba, na Ngũgĩ wa Thiong'o alimshutumu vikali kwa hilo, kwa haki kabisa. Hata hivyo, ndani ya kitabu kile wazee wanabishana, wanadai chao na kumchosha mwenye shamba kwa hoja. Filamu ilikuwa na nafasi ya kuwasogeza mbele. Badala yake iliwarudisha nyuma ya mapenzi ya wageni wawili, wakawa watu wa kuhudumu na kusindikiza. Msanii ana haki ya kuongeza mapenzi. Kuyalipia mapenzi hayo kwa kuwanyamazisha wenye nchi ndilo kosa, na tuzo saba haziwezi kulifuta.

Kwa kipimo hichohicho, Shivji amefanya nini?

Riwaya inaanza na Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa akiwa bado kigori kwa mwanamume mwenye duka aliyemzidi umri kwa mbali. Anapelekwa Mombasa, anatoroka, anarudi Unguja, na jamaa zake wanamfungia mlango. Anayempokea ni mwanamke aitwaye Mwajuma. Kwenye mzunguko wa marafiki wa Mwajuma anakutana na Denge, kijana aliyesoma Urusi na ambaye Inspekta Wright anamsaka kwa siasa zake za kuupinga ukoloni. Ni Zanzibar ya miaka ya 1950, vuguvugu la uhuru likipanda.

Filamu imeifupisha safari hiyo na kuweka uzito wote kwenye mapenzi ya Yasmin na Denge. Hapo kuna hasara, na lazima isemwe. Adam Shafi anamwacha msomaji akae na upweke wa Yasmin muda mrefu kabla binti huyo hajajua lolote kuhusu siasa. Akili yake inafunguka kidogokidogo, kwa dhiki na kwa kukataliwa na watu wake mwenyewe. Mtazamaji asiyekisoma kitabu anaweza kuondoka akidhani ni mapenzi tu yaliyomvuta kwenye harakati.

Lakini hakuna aliyeporwa nafasi yake. Mtayarishaji wa kutoka mbali, mwenye jicho kwenye soko la Ulaya, angeweza kumfanya Inspekta Wright kuwa nguzo ya hadithi, mzungu mwenye dhamiri inayomsumbua. Shivji na mwandishi mwenzake, Jenna Bass wa Afrika Kusini, waliikwepa njia hiyo. Tena Mwajuma amekuzwa: anaigizwa na Siti Amina, ambaye kwenye maisha yake ya kila siku ni mwimbaji wa taarab. Riwaya inaweza kutuambia kwamba mji ule uliishi kwa muziki, lakini sauti ya mwanamke huyu inatufanya tuusikie. Hapo filamu imelipa deni lake kwa kitabu.

Aliyeielewa biashara hii ya kugeuza vitabu kuwa filamu mapema kuliko wote barani ni Ousmane Sembène wa Senegal. Aliandika kwa Kifaransa, kisha akaona kwamba watu aliowaandikia hawamsomi. Mwaka 1968 akaigeuza hadithi yake ya hawala ya fedha kutoka Paris kuwa filamu, Mandabi, na wahusika wakazungumza Kiwolofu. Filamu ikawafikia wale ambao kitabu kiliwaacha mlangoni. Alipoifanyia filamu riwaya yake ya Xala, mwaka 1975, hakusita kubuni upya: Wafaransa wanafukuzwa kwenye chama cha wafanyabiashara, kisha wanarudi na mikoba iliyojaa noti. Tukio hilo halimo kwenye riwaya, ila hakuna anayeweza kusema kwamba limemsaliti mwandishi, kwa kuwa mwandishi ni yeye.

Waswahili wana bahati ambayo Sembène hakuwa nayo. Riwaya zao tayari zimeandikwa kwa lugha ya mtaani na nyumbani, na mwongozaji hahitaji kutafsiri kwanza mazungumzo ya wahusika. Ndiyo maana inasikitisha kuona riwaya za Kiswahili zinavyofika kwenye skrini kwa nadra, ilhali vituo vya televisheni vya Dar es Salaam na Nairobi vinatafuta hadithi za tamthilia kila msimu. Tamthilia ingeondoa hata lile tatizo la muda. Televisheni ya taifa ya Nigeria ilifanya hivyo mwaka 1987 kwa Things Fall Apart, ambayo Waswahili wanaijua kama Shujaa Okonkwo. Pete Edochie aliigiza Okonkwo kwa mfululizo wa vipindi, na riwaya ikapata nafasi ya kupumua.

Pa kuanzia pangekuwa Kuli, ya Adam Shafi huyohuyo, iliyotoka mwaka 1979. Inamfuata Rashidi, kijana wa bandarini Unguja, hadi kwenye mgomo mkubwa wa makuli wa mwaka 1948. Mtayarishaji atakayeichukua atavutwa amfanye Rashidi shujaa wa pekee, maana uso mmoja ni rahisi kuuweka kwenye bango la tangazo. Akubali kupunguza sura, aunganishe wahusika, hata aanzie katikati ya hadithi akitaka. Asichoruhusiwa kukata ni lile kundi la makuli wenyewe, wanaobeba magunia, wanaojifunza kukaa kikao na kukubaliana kwamba kesho hakuna atakayekwenda kazini.