Msimamizi Naye ni Mwalimu

Katika ukanda wetu wa dhahabu, toka Shinyanga na Kahama hadi Geita, semina za usalama kazini si jambo geni. Watu hufundishwa, hupewa vyeti na kurudi kazini. Hata hivyo, sisi twaamini kwamba somo lenye nguvu zaidi hutolewa kesho yake asubuhi, na mwalimu wake ni msimamizi.

Kijana amefundishwa asishuke duarani kabla ya matimba kukaguliwa. Akiuliza habari za matimba, naye msimamizi akamjibu kwamba mwoga arudi kwao akalime, basi wote waliosikia wamejifunza kunyamaza. Lakini msimamizi akitangulia mwenyewe kuyakagua, semina imepata miguu. Ndivyo ilivyo pia kwa zebaki. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020 ili kupunguza matumizi yake. Lakini kijana anayemwona mkubwa wake akichoma dhahabu waziwazi, bila chombo cha kunasa mvuke, atafanya vivyo hivyo.

Tusiwatwishe wasimamizi mzigo wote. Katika maduara mengi mchimbaji hulipwa kwa mgawo wa mifuko ya mawe, wala hana mshahara. Kwake yeye, saa ya kuuliza ni saa ya njaa. Msimamizi naye husukumwa na mwenye duara, ambaye huulizia mifuko tu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kuwapa wafanyakazi maelekezo na mafunzo. Wajibu huo hauishi siku ya kugawa vyeti.

Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake juu ya kazi wa mwaka 1981, alifundisha kwamba kazi ni kwa ajili ya mtu, wala si mtu kwa ajili ya kazi. Kwa hiyo twawasihi wenye maduara na wakuu wa migodi: mpimeni msimamizi pia kwa usalama na ujuzi wa watu wake. Nanyi wasimamizi mlio katika jumuiya zetu ndogo ndogo, mpokeeni anayeuliza kama mtu anayewasaidia kazi. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Lakini ndani ya duara, ulimwengu hufunza mara moja tu.