Nani Huitilia Miombo Mbolea?

Mkulima wa mpunga wa Ubaruku hununua mbolea kwa mfuko. Je, miombo ya vilimani, pembezoni mwa uwanda wa Usangu, hulishwa na nani? Udongo wake ni hafifu, fosforasi ni haba, wala hakuna aitiliaye samadi.

Jibu limo vikapuni mwa akina mama wauzao uyoga wakati wa mvua kando ya barabara kuu ya Iringa hadi Mbeya. Uyoga mwingi wa miombo ni tunda tu. Mwili wenyewe ni nyuzi za kuvu, nyembamba kuliko unywele, zilizoivika mizizi ya mti. Nyuzi hizo hupenya pale mzizi usipofika, zikakusanya fosforasi na naitrojeni, zikaupa mti. Mti nao huzilipa sukari iliyotengenezwa majanini. (Ulanguzi haumo!) Misitu ya mvua, kama ya Udzungwa, hufanya vivyo hivyo, ila kuvu zake nyingi hazichipuzi uyoga.

Afyekaye miombo na kuichoma huvuna rutuba ya majivu kwa misimu michache, kisha mahindi hugeuka manjano. Kuvu nazo hufa, kwani haziishi bila mti wake; na mama wa uyoga, ambaye hakushika shoka, hubaki na kikapu kitupu.