Mtoto Akiugua Saratani, Mzazi Asipoteze Kazi



Mara nyingi katika kijarida hiki twaandika habari za mishahara, nyumba na saa za kazi. Leo twataka kunena juu ya jambo ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini: mtoto wa mfanyakazi kupatwa na saratani, ambayo wengi wetu huiita kansa.

Mwenzetu mmoja wa shamba la maua upande wa Naivasha alikuwa akimwogesha mtoto wake wa miaka mitatu, akahisi kitu kigumu tumboni. Alikuwa amekwisha kumpa dawa ya minyoo mara mbili. Alipompeleka hospitali, akaambiwa kwamba ni saratani ya figo, nayo yatibika: dawa kwanza, kisha kupasuliwa, kisha dawa tena kwa miezi mingi. Mama akalala na mtoto wodini. Siku zake za likizo zikaisha. Akaomba ruhusa bila malipo, akapewa mara moja. Alipoomba tena, msimamizi alimjibu, "Mtoto wako hakuandikwa kazi hapa."

Mtoto yule amemaliza dawa, na leo acheza na wenzake kambini. Lakini kazi ya mama yake imekwisha, na nyumba yaishi kwa mshahara wa mtu mmoja. Sisi twauliza: je, ni haki mzazi kuchagua kati ya mtoto na kazi?

Wako wasemao kwamba saratani ni kifo tu, na kwamba kumhangaikia mtoto ni kupoteza fedha. Maneno hayo si kweli. Mwaka 1958 Daktari Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Mulago, Uganda, aliandika habari za uvimbe wa taya alioukuta kwa watoto wa Afrika. Uvimbe ule hukua upesi sana, lakini baadaye ilionekana kwamba dawa zaweza kuuponya. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba katika nchi tajiri zaidi ya watoto 80 katika kila 100 wenye saratani hupona. Katika nchi nyingi maskini hawafiki 30. Tofauti hii haikutoka katika damu ya watoto. Yatokana na ugonjwa kujulikana kwa kuchelewa, dawa kukosekana, na matibabu kuachwa njiani.

Na kwa nini yaachwe njiani? Mzazi wa Molo, Njoro au Gilgil haachi dawa kwa kukosa mapenzi. Nauli imekwisha, watoto wengine wako kwa jirani, na kazini jina lake liko karibu kufutwa. Siku hizi Nakuru kuna kituo cha saratani, lakini wengine hutumwa Eldoret au Nairobi, na kila safari ni siku za kazi zilizopotea.

Tazameni sasa sheria. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yampa mfanyakazi likizo ya siku 21 za kazi kila mwaka. Yampa siku za ugonjwa, lakini ni ugonjwa wake mwenyewe. Yampa mama miezi mitatu ya uzazi na baba majuma mawili. Mwaka 2021 iliongezwa likizo ya mwezi mmoja kwa mzazi anayepanga mtoto. Lakini mzazi ambaye mtoto wake yuko wodini hakuwekewa siku hata moja. Hali Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo namba 165 la mwaka 1981, lilikwisha kusema kwamba mfanyakazi, mume kwa mke, aweze kupata likizo mtoto wake akiugua.

Matajiri watasema kwamba kila mtu atazusha mtoto mgonjwa ili apumzike. Twajibu: barua ya daktari itoshe kuwa ushahidi. Saratani ya watoto si ugonjwa wa kila nyumba. Na mfanyakazi aliyefundishwa kazi miaka mingi si rahisi kumpata mwingine kama yeye.

Kwa hiyo twasema mambo matatu. La kwanza, mapatano yajayo na matajiri yawe na likizo ya mzazi wa mtoto mwenye ugonjwa mkubwa, na kazi yake ilindwe mpaka atakaporudi. Sheria yenyewe yasema kwamba masharti yake ni ya chini kabisa. Mapatano yaweza kutoa zaidi.

La pili, kila mjumbe wa chama aulize karani wa mishahara kama ile asilimia 2.75 inayokatwa kwa ajili ya bima ya afya ya SHA, iliyoshika mahali pa NHIF Oktoba 2024, yapelekwa kila mwezi. Tajiri akiichelewesha, atakayeaibika mbele ya dirisha la hospitali ni mzazi.

La tatu latuhusu sisi wenyewe. Tusimwache mwenzetu peke yake. Tuchange nauli, tubadilishane zamu naye, tuwatazame watoto waliobaki kambini. Na tuache kunong'ona kwamba nyumba yake imerogwa.

Wahenga walisema, uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Ni kweli. Lakini mzigo wake waweza kubebwa na wengi, na kwa ajili hiyo tuna chama.