Ngano Yetu Haikulaaniwa

Kila alfajiri kandokando ya feri ya Kivukoni na katika mitaa ya Kariakoo huuzwa maandazi, chapati na mikate isiyohesabika, na sehemu kubwa ya unga wake ni wa ngano iliyopita bandarini. Tukiuliza sababu twajibiwa kwamba ngano ya wakulima wetu ni dhaifu, haiumuki. Jibu hilo tunalikataa. Laigeuza kazi ya binadamu kuwa laana ya ardhi.

Donge la unga huumuka kwa nguvu ya gluteni, na aina ya gluteni ni urithi. Mbegu mpya hupokea jeni zake kutoka kwa wazazi wawili: jeni nyingine huleta donge linalovutika, nyingine donge linalokatika. Mtafiti ndiye achaguaye wazazi hao. Wingi wa protini, kwa upande wake, hutegemea zaidi rutuba na mvua, na mara nyingi mavuno yakizidi, protini hupungua. Basi aliyeagiza magunia mengi, na si kingine, asimlaumu mkulima.

Hata kinga ina gharama yake. Kipande cha kromosomu ya rai, nafaka ya nchi za baridi, kiliingizwa katika ngano kwa kuwa kilibeba kinga dhidi ya kutu ya shina. Pamoja nacho zikaja protini zinazolifanya donge linate. Mwaka 1999 ikatambuliwa Uganda kutu mpya iliyoivunja kinga ile. Mwenye mbegu hizo akabaki na unato bila kinga. Nani alimwuliza?

Kutouliza huko hakukuanzia kwenye mbegu. Kuanzia miaka ya 1970, huko Hanang, karibu ekari 100,000 za malisho ya Wabarabaig zilitwaliwa ziwe mashamba ya ngano ya shirika la umma, NAFCO, kwa msaada wa Kanada. Wafugaji walifukuzwa ili mji ule mkate. Nasi wa mjini tuliula bila kuuliza.

Kwa hiyo tunadai wanunuzi wapime protini na gluteni mbele ya mkulima, na wamlipe kwa kipimo, si kwa jicho la dalali. Vituo vya utafiti vya Selian, Arusha, na Uyole, Mbeya, viwaite wakulima na waokaji kabla wazazi wa mbegu hawajachaguliwa. Nazo halmashauri za walei ziwaulize wenye viwanda vya unga, walio waamini wenzetu, wanapima nini na wanalipa nini.