Mkono Uliochora

Kila ninapokaa na watu kuzungumza juu ya mashujaa wa vitabu vya katuni vya Marekani, haipiti nusu saa kabla mmoja wao hajasema, "Lakini yule mzee Stan Lee alikuwa na akili! Wote wale kawaumba yeye." Hapo mimi huweka kikombe changu chini, na wanaonijua huanza kutafuta viatu vyao. Wanajua ugomvi umefika.

Nimechoka kugombana barazani. Nimeona heri niandike, maana maneno ya barazani huchukuliwa na upepo. Ninalotaka kusema ni hili: katika hadithi za picha, aliyechora ni mtunzi. Si fundi aliyepewa ramani akajenga, wala si kibarua wa kutwa. Ni mtunzi sawasawa na aliyeandika maneno, na mara nyingine amemzidi. Kwa miaka mingi mchoraji alinyimwa jina hilo, na sisi wapenzi wa vitabu hivyo tulishiriki katika kumnyima. Nasema sisi kwa kuwa na mimi nilikuwamo.

Nilianza kuvisoma nikiwa mtoto, Mombasa, mwishoni mwa miaka ya sitini. Vilitufikia vikuukuu, jalada limechanika, ukurasa wa mwisho haupo, ukabaki kubuni mwenyewe jinsi mambo yalivyokwisha. Kiingereza changu kilikuwa cha kuokoteza, kwa hiyo nilisoma picha. Kabla sijajua kulitamka jina la Jack Kirby nilikwisha kuujua mkono wake: vidole vyenye ncha za mraba, ngumi inayotoka ukurasani ikakujia usoni, na yale madoa meusi ya duara yaliyotapakaa angani kila palipokuwa na nguvu isiyo ya kawaida. Na yule mwingine, Steve Ditko, nilimjua kwa vidole vyembamba vilivyopinda, na kwa nyuso za watu ambao kesho yao haijulikani. Haikunipitia akilini kwamba kuna mtunzi mwingine aliyejificha nyuma ya mikono ile. Hata Juha Kalulu wa Taifa Leo sote tulijua ni wa Edward Gitau, kwa sababu ndiye aliyemchora.

Kisha nikajifunza Kiingereza, nikaharibika. Nilianza kusoma kurasa za barua na matangazo ya Stan Lee, aliyezungumza na msomaji kama rafiki wa siku nyingi, akitania, akijisifu, akimpa kila mtu jina la utani. Nikampenda, na sioni aibu kukiri. Nikaamini kwamba yeye ndiye kichwa na wengine ni mikono. Miaka ya themanini, habari ziliponifikia kwamba Kirby anazozana na kampuni ya Marvel akidai kurudishiwa michoro yake ya asili, nilisema mbele za watu, tena kwa sauti: "Alilipwa. Alichora tu. Anataka nini tena?"

Neno hilo "tu" lilinirudia baadaye. Miaka ya tisini nilipewa kazi ya kuchora picha za kitabu cha kusomea cha watoto wa shule ya msingi. Mchapishaji simtaji. Hadithi moja ilikuwa na mistari minne: mbuzi kaingia dukani, kala bidhaa, kafukuzwa. Basi. Ni mimi niliyeamua kwamba mwenye duka ni mama mnene aliyesinzia na kipepeo mkononi, kwamba mbuzi anaanza na daftari la madeni, na kwamba wateja wanaona na hawasemi kitu, maana wote wamo daftarini. Walimu waliniambia kuwa watoto walicheka mpaka machozi. Kitabu kilipotoka kilikuwa na jina la mwandishi, jina la mhariri, hata jina la aliyepanga herufi. Langu halikuwemo. Nilipouliza nilijibiwa kwa upole kabisa, "Lakini wewe ulichora tu."

Usiku ule nilitoa vitabu vyangu vya zamani sandukuni, nikavisoma upya. Mimi si Kirby, wala sikaribii. Lakini nilikwisha kulionja lile neno.

Sasa tuangalie kazi yenyewe ilivyofanywa, maana wengi wanaobishana nami hawaijui. Miaka ya sitini, Stan Lee alikuwa mhariri na pia mwandishi wa karibu vitabu vyote vya Marvel. Hakuwa na muda wa kuandika hadithi kamili, kila tukio na kila neno, ndipo ampe mchoraji. Kwa hiyo alizungumza na mchoraji juu ya kisa, pengine kwa dakika chache, pengine kwa simu, pengine kwa karatasi moja. Mchoraji akaenda nyumbani, akakaa na karatasi tupu ishirini na zaidi. Yeye ndiye aliyeamua hadithi ianzie wapi, tukio lipi lipewe ukurasa mzima na lipi libanwe pembeni, nani aingie na nani atoke. Kirby aliandika pembeni mwa michoro yake maelezo ya kinachotendeka, ili Lee ajue. Michoro ilipomrudia, ndipo Lee alipotia maneno.

Nakuuliza, msomaji: mtu aliyefanya hayo tumwite nani? Kazi hiyo ingefanyika kwa ajili ya sinema au jukwaa la michezo ya kuigiza, pasingekuwa na ubishi.

Mfano ulio wazi ni wa mwaka 1966. Kirby aliporudisha kurasa za hadithi ya jitu Galactus lijalo kuila dunia, ndani yake mlikuwa na mtu wa rangi ya fedha anayeruka juu ya ubao kati ya nyota. Lee mwenyewe alisimulia mara nyingi kwamba hakumwagiza mtu huyo. Alimkuta karatasini tu, akauliza huyu ni nani. Kirby alifikiri kwamba jitu la ukubwa ule lazima liwe na mtangulizi wa kulipigia mbiu. Basi mtu huyo, Silver Surfer, mmoja wa wahusika waliopendwa kuliko wote katika kampuni ile, alizaliwa kwa kalamu ya risasi, kabla ya neno hata moja.

Ama Ditko, kwa muda wa zaidi ya mwaka kabla ya kuondoka, yeye na Lee hawakuwa wakizungumza kabisa. Ditko alibuni visa vya Spider-Man peke yake, akachora, akaleta. Kuanzia toleo la 25 kitabu chenyewe kilikiri kwamba kisa ni chake. Chukua toleo la 33, la Februari 1966. Kijana kafunikwa na mtambo mzito, maji yanavuja kutoka juu, na dawa ya kumponya shangazi yake iko mbele ya macho yake, mkono haufiki. Ditko hakuharakisha. Anajaribu, anashindwa, anajaribu tena, visanduku vinapanuka kidogo kidogo, mpaka unafungua ukurasa na kumkuta amesimama, mtambo umeinuliwa, maji yanamwagika, na picha moja imejaza ukurasa wote. Maneno ya Lee pale ni mazuri. Lakini yafunike kwa kiganja, kama nilivyokuwa nikiyaruka utotoni, na bado moyo utakwenda mbio. Kisha fanya kinyume, funika picha uache maneno, uone umebaki na nini.

Wapo wanaonijibu kwamba bila maneno ya Lee vitabu vile visingeuzwa. Hilo nalikubali nusu. Kirby alipohamia DC mwaka 1970 akaanza kujiandikia mwenyewe, mazungumzo yake yalikuwa magumu kama kokoto mdomoni. Lee alikuwa na sikio la usemi wa watu. Ndiye aliyewafanya mashujaa wagombane juu ya kodi ya nyumba. Tena ni yeye aliyezoea kuandika ukurasa wa mbele majina ya wote waliohusika, hata aliyetia wino na aliyeandika herufi, wakati kampuni nyingi hazikujali jambo hilo. Na Kirby uzeeni, kwa uchungu, alisema kwamba Lee hakuandika kitu. Hilo silikubali hata kidogo. Dhuluma haiondolewi kwa kumdhulumu mwingine. Lakini kushiriki si kumiliki, na mtu aliyetia chumvi hawezi kujiita mvuvi.

Wengine wanasema, "Alisaini mkataba." Mkataba gani? Kwa miaka mingi, wachoraji wale walikuta maneno ya kisheria yamepigwa chapa nyuma ya hundi zao. Ukitia saini upate fedha ya kulisha watoto, umekubali kwamba kila ulichofanya ni mali ya kampuni. Mtu wa namna hiyo hakuuza. Alikuwa na njaa, na karatasi iliwekwa kati yake na chakula.

Na tusidhani ilianza kwa Kirby. Jerry Siegel na Joe Shuster, vijana wa Cleveland, waliuza Superman mwaka 1938 kwa dola 130, haki zote. Superman akatajirisha kampuni. Mwaka 1975 watu hao, sasa wazee, Shuster macho yamedhoofika, walilazimika kulia magazetini, na wachoraji wenzao wakiongozwa na Neal Adams na Jerry Robinson wakasimama nao, ndipo wakapewa posho ya dola 20,000 kwa mwaka kila mmoja na majina yao yakarudishwa. Hundi ile ya mwaka 1938, karatasi yenyewe, ilipigwa mnada mwaka 2012 kwa dola 160,000. Karatasi ya dhuluma ilipata bei kuliko walivyopata wenye kudhulumiwa siku ile.

Tena nisije nikadhaniwa nawapendelea wachoraji tu. Katika Batman mambo yalikuwa kinyume. Mchoraji, Bob Kane, ndiye aliyejitwalia jina lote tangu mwaka 1939, na mwandishi, Bill Finger, aliyependekeza lile vazi la kijivu, joho lenye umbo la mbawa za popo, na jina Bruce Wayne, akafa mwaka 1974 bila jina lake kuwekwa kati ya waliomuumba. Liliwekwa mwaka 2015. Miaka arobaini na mmoja! Kwa hiyo sigombani na kalamu ya aina moja kwa ajili ya nyingine. Nagombana na tabia ya kutaka kila kitu kiwe na baba mmoja, kwa sababu baba mmoja ni rahisi kumweka kwenye tangazo.

Kirby naye, mtu aliyemchora Captain America akimpiga Hitler ngumi wakati Marekani haijaingia vitani, kisha akaenda mwenyewe vitani Ufaransa nusura apoteze miguu kwa baridi, mtu huyo kampuni ilipokubali kuwarudishia wachoraji michoro yao, wenzake walipewa fomu fupi ya kusaini. Yeye alipewa ya kurasa nne, imejaa masharti, na akaahidiwa michoro 88 kati ya maelfu aliyochora. Alikataa. Baada ya kelele za wasanii na wasomaji, mwaka 1987 akarudishiwa kama 2,000. Alikufa Februari 1994. Watoto wake walikwenda mahakamani wakashindwa mara mbili, na mwezi Septemba 2014, Mahakama Kuu ya Marekani ilipokuwa ikifikiria kama itaisikiliza kesi, kampuni ikapatana nao. Tangu hapo jina lake limesimama karibu na la Lee.

Mwaka 2018 filamu ya Black Panther ilipoonyeshwa, hapa kwetu watu walikwenda sinema na kanga na kofia za Kiswahili kama waendao harusini. Nilifurahi nao. Waliisifu Wakanda, nchi ya Afrika yenye mitambo kuliko Ulaya. Mimi nilikaa gizani nikikumbuka toleo la 52 la Fantastic Four, la Julai 1966, na ule msitu alioutandaza Kirby ukurasani, ambamo kila mti ni mtambo na kila mzizi ni waya. Wazo hilo halielezwi kwa maneno likaeleweka. Lilibidi lichorwe. Nilipotoka nje, kijana mmoja akamwambia mwenzake, "Stan Lee huyu, noma!" Sikusema kitu. Najilaumu mpaka leo.

Kwa hiyo, ndugu yangu, siku nyingine ukitaka kumsifu Stan Lee mbele yangu, msifu. Nitakuitikia. Ila mtaje na Kirby, mtaje na Ditko, kisha tunywe kahawa yetu kwa amani. Na ukifika nyumbani, chukua kitabu cha mwanao, fungua kurasa za mbele, utafute jina la aliyechora. Usipoliona, mwandikie mchapishaji. Mimi nimekwisha kuandika mara tatu.